Shule za Marekani na Ubaguzi wa Rangi: Kwa Nini Hukumu ya 1954 Haikumaliza Kesi

Mwishoni mwa Aprili 2025 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza kuwa imefunga amri ya mahakama iliyohusu shule za Plaquemines, katika jimbo la Louisiana. Amri hiyo ilikuwa ya mwaka 1966, na shabaha yake ilikuwa kukomesha kuwatenganisha watoto weusi na weupe shuleni.

Habari ya namna hiyo inachanganya, na si ajabu. Wengi wetu tunajua kwamba Mahakama ya Juu ya Marekani ilipiga marufuku ubaguzi wa rangi shuleni mwaka 1954, katika kesi ya Brown. Amri ya 1966 ilitoka wapi basi? Na mwaka 2025 ilikuwa bado inafanya nini? Wapo walioelewa kwamba ubaguzi sasa umeruhusiwa tena kisheria. Wapo pia wanaosema mambo hayo yalikwisha zamani na wanaoyataja wanachimbua makaburi. Pande zote mbili zimekosea, na chanzo cha kukosea ni kimoja: tunadhani kesi ikishinda, jambo limekwisha. Katika suala hili mahakama kutamka kwamba utengano ni haramu ilikuwa hatua moja, na utengano wenyewe kuondoka ilikuwa safari nyingine kabisa. Watoto walioanza darasa la kwanza mwaka wa hukumu walimaliza sekondari kabla shule nyingi za Kusini hazijabadilika.

Tuanze na mambo machache ya msingi.

Shule ya umma ni ile inayoendeshwa kwa kodi. Marekani haina wizara moja inayopanga walimu na wanafunzi nchi nzima kama tulivyozoea Afrika Mashariki. Kila jimbo lina sheria zake za elimu, na ndani ya jimbo kuna wilaya za shule, kila moja ikiwa na bodi yake, mipaka yake na bajeti yake. Sehemu kubwa ya bajeti hiyo hutokana na kodi ya nyumba na ardhi za eneo husika. Wilaya ya shule yaweza kuwa jiji zima au mji mdogo wa pembeni. Hili la mipaka na kodi lishike vizuri, maana ndilo lililokuja kuamua mengi.

Utengano ninaouzungumzia hapa ni kuwapeleka watoto katika shule tofauti kwa sababu ya rangi. Ulikuwa wa namna mbili. Wa kwanza uliandikwa kwenye sheria: shule hii ya weupe, ile ya weusi, na atakayevuka anakosa. Hadi 1954 majimbo 17, pamoja na mji mkuu Washington, yaliwatenga watoto kwa lazima, na mengine manne, Kansas likiwa mojawapo, yaliruhusu miji kufanya hivyo. Utengano wa pili haukuandikwa mlangoni. Familia nyeusi zilizuiwa kununua au kupanga nyumba katika mitaa fulani, mikopo ya benki ikawapita, kisha kila mtoto akapangiwa shule ya mtaani kwake. Matokeo yakawa yaleyale, ila mzazi hakuwa na karatasi ya kumwonyesha jaji.

Silaha ya kisheria ilikuwa moja. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na kukomeshwa kwa utumwa, mwaka 1868 Katiba ya Marekani iliongezewa Marekebisho ya 14, yanayokataza jimbo lolote kumnyima mtu ulinzi sawa wa sheria. Kesi karibu zote za shule zilipiganwa juu ya maneno hayo: ulinzi sawa maana yake nini?

Ilianza Boston

Dhana iliyozoeleka ni kwamba ubaguzi wa shule ulikuwa tatizo la majimbo ya Kusini peke yake, na kwamba vita dhidi yake vilianza miaka ya 1950. Kesi kubwa ya mwanzo ilitoka Boston, kaskazini kabisa, mwaka 1849, wakati utumwa ulikuwa bado halali Kusini. Mzazi mweusi, Benjamin Roberts, aliishitaki manispaa kwa sababu binti yake Sarah alilazimika kuzipita shule tano za weupe kwa miguu ili afike kwenye shule ya watoto weusi. Mawakili wake walikuwa Robert Morris, miongoni mwa mawakili weusi wa mwanzo nchini humo, na Charles Sumner, aliyekuja kuwa seneta maarufu. Mwaka 1850 mahakama ya jimbo iliwakatalia. Wazazi wakageukia bunge la jimbo, na mwaka 1855 Massachusetts ikapiga marufuku utengano wa rangi shuleni kwa sheria. Lakini ile hukumu ya 1850 ilibaki vitabuni, na miaka 46 baadaye majaji wa Washington waliinukuu.

Waliinukuu katika kesi ya treni. Homer Plessy, fundi viatu wa New Orleans, alipanda behewa la weupe mwaka 1892 kwa makusudi, akakamatwa kama alivyopanga yeye na kamati ya wananchi waliotaka kuipima sheria ya Louisiana. Mwaka 1896 Mahakama ya Juu, kwa kura saba dhidi ya moja, ilisema jimbo linaweza kuwatenga watu kwa rangi mradi huduma ziwe sawa. Hapo ndipo ilipokita mizizi kanuni ya "mbali lakini sawa". Jaji mmoja tu, John Marshall Harlan, alipinga, akaandika kwamba Katiba haitambui rangi.

Kesi ilihusu viti vya treni, lakini kanuni ilienea hadi hospitalini, kwenye bomba la maji, makaburini na shuleni. Neno "mbali" lilisimamiwa na polisi. "Sawa" halikusimamiwa na yeyote. Katika kaunti ya Clarendon, South Carolina, mwaka wa shule wa 1949 hadi 1950, kila mtoto mweupe alitumiwa dola 179, na kila mtoto mweusi dola 43.

Mkakati wa Houston

Aliyeona namna ya kuibomoa kanuni hiyo alikuwa Charles Hamilton Houston, mkuu wa shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Howard, Washington, aliyekuja kuongoza kazi ya kisheria ya NAACP, chama kilichopigania haki za Wamarekani weusi. Mimi nikisoma historia hii, sehemu inayonivutia kuliko zote ni hii, kwa sababu inaonyesha uvumilivu wa aina ambayo sisi watazamaji huwa hatuuoni. Houston hakukimbilia shule za msingi. Alijua majaji wa miaka ya 1930 wasingekubali. Alianza na vyuo vya sheria.

Kwa nini vyuo vya sheria? Wanafunzi walikuwa wachache na wakubwa, kwa hiyo hofu ya wazazi weupe ilikuwa ndogo. Majaji wote walikuwa wamesoma sheria, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuwadanganya kuhusu chuo bora kinafananaje. Tena majimbo mengi hayakuwa na chuo chochote cha sheria kwa watu weusi, na kisichokuwepo hakiwezi kuitwa sawa.

Mwanafunzi wake Thurgood Marshall, aliyehitimu Howard mwaka 1933, alishirikiana naye katika kesi iliyokilazimisha chuo cha sheria cha Maryland kumpokea Donald Murray. Rufaa ilimalizika 1936. Mwaka 1938 ilikuwa zamu ya Missouri, jimbo lililokuwa tayari kumlipia Lloyd Gaines ada akasome jimbo jingine ili asikanyage chuo chake. Mahakama ya Juu ilisema hilo halitoshi, haki yake iko hapohapo Missouri. Gaines mwenyewe alitoweka Chicago mwaka 1939 na hakuonekana tena.

Halafu zikaja hukumu mbili za siku moja, Juni 1950. Texas ilikuwa imemfungulia Heman Sweatt chuo cha haraka cha sheria cha watu weusi ili asiingie chuo kikuu cha jimbo. Mahakama ikasema usawa hauishii kwenye idadi ya vitabu na walimu. Kuna sifa ya chuo, wahitimu wake waliotangulia, na nafasi ya kujadiliana na wale utakaokutana nao kesho mahakamani. Oklahoma nayo ilimkubali George McLaurin asome shahada ya juu ya elimu, lakini ikamweka peke yake pembeni ya darasa, ikampa meza yake maktabani na meza yake ya kulia chakula. Mahakama ikasema hata hivyo haki haijatimia. Ukiisoma hukumu hiyo ya McLaurin unaona kanuni ya 1896 imebaki gofu: jengo ni lilelile, walimu ni walewale, na bado kutengwa kwenyewe kunadhuru. Houston hakuisikia. Alifariki Aprili mwaka huohuo.

Jina la Marshall, kwa njia, linatuhusu. Mapema mwaka 1960 alikaa Lancaster House, London, kama mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya katika mazungumzo ya katiba, na aliandaa rasimu ya sura ya haki za binadamu. Kenya ya wakati huo ilikuwa na shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, kila kundi na fungu lake la fedha. Tanganyika ilikuwa na mpangilio wa aina hiyo hadi ulipofutwa Januari 1962, wiki chache baada ya uhuru.

Kesi tano katika jina moja

Ile tunayoiita kesi ya Brown ilikuwa mashauri matano kutoka sehemu tano, yakasikilizwa pamoja: Kansas, South Carolina, Virginia, Delaware na Washington.

La South Carolina lilianza na basi. Katika kaunti ya Clarendon watoto weupe walikuwa na mabasi 30, watoto weusi hawakuwa na hata moja. Wazazi walichanga wakanunua basi kuukuu, wakaomba bodi ya shule iwasaidie mafuta tu. Walikataliwa. Mchungaji na mwalimu Joseph DeLaine akawakusanya, na mkulima Levi Pearson akakubali jina lake liende mahakamani. Shauri likatupwa kwa hoja kwamba kodi ya shamba lake ilikuwa inalipwa upande wa pili wa mpaka wa wilaya ya shule. Wakaanza upya na wadai wengi. Harry Briggs, wa kwanza kwa mpangilio wa majina, alipoteza kazi yake kwenye kituo cha mafuta, na mkewe Eliza naye akafukuzwa kazi. Kanisa la DeLaine lilichomwa moto, na ikabidi aikimbie South Carolina. Wazazi hawa ndio waliobeba gharama kubwa kuliko mawakili wote. Inaniuma kwamba majina yao hayafundishwi kama la Brown.

Virginia waliolianzisha walikuwa wanafunzi. Aprili 1951, mjini Farmville, Barbara Johns mwenye miaka 16 aliongoza shule nzima ya Moton kugoma. Shule ilijengwa kwa wanafunzi 180, nao walikuwa zaidi ya 450, wengine wakisomea kwenye mabanda yaliyoezekwa na kuzungushiwa karatasi za lami. Walichotaka mwanzoni ni jengo jipya. Mawakili Oliver Hill na Spottswood Robinson waliwaambia wangechukua kesi kwa sharti moja: wadai utengano wenyewe ukome. Wanafunzi na wazazi wao wakakubali.

Topeka, Kansas, mambo yalikuwa tofauti, na hapo ndipo penye uzito wa kesi nzima. Shule za msingi za watoto weusi za mji huo zilikuwa nzuri, zenye majengo yanayolingana na ya weupe na walimu waliosoma sana. Oliver Brown, fundi wa kuchomea vyuma aliyekuwa pia mchungaji msaidizi, alikuwa mmoja wa wazazi 13. Binti yake Linda alipita njia ya hatari kwenda kupanda basi ili afike shule ya mbali, ilhali shule ya Sumner ilikuwa jirani. Mawakili walipoipeleka kesi ya Topeka mbele, jimbo halikuweza kuponyoka kwa kuahidi rangi mpya ya ukuta au madawati zaidi. Swali lililobaki lilikuwa moja: majengo yakishalingana, je, kumtenga mtoto kwa rangi yake ni halali?

Kwa hiyo si kweli kwamba wazazi weusi waliamini mtoto wao atasoma vizuri akikaa tu karibu na mtoto mweupe. Waliwaheshimu walimu wao. Walichokataa ni serikali kuwaambia watoto wao, kila asubuhi, kwamba hawafai kuingia mlango fulani.

Hapa pia watu hutaja sana wanasesere. Wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark waliwaonyesha watoto weusi wanasesere wanaofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi, na wengi walimpenda mweupe na kumwona mweusi ndiye mbaya. Ni ushahidi unaovunja moyo. Lakini haukuwa nguzo ya hukumu; mahakama iliutaja katika tanbihi, miongoni mwa tafiti nyingine. Nguzo ilikuwa hukumu za 1950 na Marekebisho ya 14.

Majaji walisikiliza Desemba 1952 wakagawanyika, wakaamuru isikilizwe tena. Septemba 1953 Jaji Mkuu Fred Vinson alifariki. Nafasi yake ilichukuliwa na Earl Warren, ambaye akiwa gavana wa California alikuwa ametia saini mwaka 1947 sheria ya kufuta utengano shuleni, baada ya familia zenye asili ya Meksiko kushinda kesi yao katika wilaya ya Westminster. Warren alitumia miezi kuwashawishi wenzake mmoja mmoja. Mei 17, 1954 majaji wote tisa walisema kwa sauti moja: katika elimu ya umma, kanuni ya mbali lakini sawa haina nafasi, kwa kuwa shule zilizotengwa haziwezi kuwa sawa.

Ushindi bila utekelezaji

Hukumu ile ya 1954 haikumpeleka mtoto hata mmoja katika shule nyingine. Ilitamka haki, ikaahirisha swali la nafuu, yaani nini kifanyike ili haki ile ipatikane. Jibu lilikuja Mei 31, 1955, na lilikuwa jibu dhaifu. Mahakama iliwarudishia kazi majaji wa chini na bodi zilezile za shule, ikawataka wasonge kwa haraka lakini kwa kutafakari, bila kuweka tarehe.

Yeyote aliyewahi kushinda kesi ya shamba anajua maana yake. Hukumu iko mkononi, mvamizi bado analima. Inabidi urudi mahakamani kuomba kukazia hukumu, dalali wa mahakama apewe amri, aende akamtoe. Sasa wazazi wale walipewa ushindi, kisha mvamizi akaachiwa apange mwenyewe siku ya kuhama.

Alipanga asihame. Mwaka 1956 wabunge na maseneta karibu mia moja wa Kusini walitia saini tamko la kuipinga hukumu. Mwaka 1957 gavana Orval Faubus wa Arkansas alitumia askari wa jimbo kuwazuia wanafunzi tisa weusi wasiingie sekondari ya Central mjini Little Rock, hadi Rais Eisenhower alipoleta wanajeshi wa miavuli kuwasindikiza. Ruby Bridges, mwenye miaka sita, alisindikizwa na maofisa wa serikali kuu kuingia shule ya New Orleans mwaka 1960, na wazazi weupe wakawatoa watoto wao darasani.

Kaunti ya Prince Edward, Virginia, kule kwa Barbara Johns, ilikwenda mbali kuliko zote. Mwaka 1959 ilizifunga shule zote za umma. Watoto weupe wakafunguliwa shule binafsi zilizosaidiwa na fedha za umma. Watoto weusi zaidi ya elfu moja wakabaki bila shule ya umma hadi Mahakama ya Juu ilipoingilia mwaka 1964. Miaka mitano. Mtoto aliyekuwa wa kuanza darasa la kwanza mwaka ule alifikisha miaka kumi na moja hivi.

Kwa jumla, miaka kumi baada ya hukumu, katika majimbo ya Kusini yaliyowahi kujitenga wakati wa vita, ni takriban mtoto mweusi mmoja tu katika mia aliyekuwa akisoma na watoto weupe.

Kilichobadilisha mambo ni fedha na mashitaka. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 iliipa Wizara ya Sheria uwezo wa kuzishitaki wilaya za shule yenyewe, badala ya mkulima mmoja kuhatarisha shamba lake, na ikaruhusu kuzinyima fedha taasisi zinazobagua. Mwaka uliofuata serikali kuu ilianza kumwaga fedha nyingi mashuleni, kwa hiyo tishio la kunyimwa likawa na meno. Hapa ndipo zilipozaliwa amri kama ile ya Plaquemines ya 1966. Jaji anaiambia wilaya: changanyeni wanafunzi, walimu, mabasi na michezo, mniletee taarifa, na mtabaki chini ya uangalizi wangu hadi niridhike. Nyingine zilidumu kwa miongo, mara kwa sababu wilaya haikutimiza, mara kwa sababu hakuna aliyerudi mahakamani kuomba zifungwe. Kufungwa kwa amri hakufuti hukumu ya 1954. Ni haramu leo kama jana kumkatalia mtoto shule kwa rangi yake. Kinachoondoka ni uangalizi, na anayehisi ubaguzi umerudi atalazimika kuanza kesi mpya kuanzia ukurasa wa kwanza.

Wilaya nyingi zilijaribu njia ya "uhuru wa kuchagua": kila mzazi achague shule. Inasikika vizuri. Kaunti ya New Kent, Virginia, ilikuwa na shule mbili tu, na katika miaka mitatu ya uhuru huo hakuna mtoto hata mmoja mweupe aliyechagua shule ya weusi, huku asilimia 85 ya watoto weusi wakibaki walipokuwa. Mwaka 1968 Mahakama ya Juu ilisema mpango usiozaa matunda hautoshi, na jukumu la kuondoa utengano ni la bodi, si la mzazi. Mwaka uliofuata ikasema muda wa kutafakari umekwisha. Kufikia mapema miaka ya 1970 shule za Kusini zilikuwa zimechanganyika kuliko za Kaskazini.

Badiliko hilo lilikuwa na gharama ambayo haisemwi vya kutosha. Bodi zilipounganisha shule, mara nyingi zilifunga za weusi na kuwaachisha kazi walimu na wakuu wa shule weusi kwa maelfu. Watoto walipata mlango mpya, wakapoteza watu wazima waliowajua kwa majina na waliowatarajia mema.

Mabasi, kisha mpaka

Mwaka 1971, katika kesi ya Charlotte, North Carolina, mahakama iliruhusu majaji kuamuru watoto wasafirishwe kwa basi kutoka mtaa hadi mtaa ili shule zichanganyike. Ukisikia Wamarekani wakizozana kuhusu "mabasi," ni hili. Inadaiwa hadi leo kwamba watu walichokataa ni mtoto kwenda shule mbali na nyumbani. Lakini mwaka wa shule wa 1969 hadi 1970 tayari wanafunzi milioni 18 nchini humo, karibu asilimia 39, walikwenda shule kwa basi, na huko Clarendon mabasi 30 hayakumkera mtu yalipobeba watoto weupe peke yao. Boston ilipoamriwa kufanya hivyo mwaka 1974, mabasi yaliyobeba watoto weusi yalipigwa mawe, katika mji uleule alikotembea Sarah Roberts.

Mwaka huohuo wa 1974 mlango mkubwa ulifungwa. Shule za Detroit zilikuwa na watoto weusi wengi, na vitongoji vilivyoizunguka vilikuwa vya weupe, kila kimoja na wilaya yake ya shule. Jaji wa chini aliona kwamba kuchanganya ndani ya jiji pekee ni kazi bure, akataka vitongoji 53 vihusishwe. Mahakama ya Juu ilikataa kwa kura tano dhidi ya nne: kitongoji ambacho hakijathibitishwa kubagua hakiwezi kuvutwa ndani. Thurgood Marshall, wakati huo akiwa jaji wa mahakama hiyohiyo, alipinga kwa uchungu. Mwaka mmoja kabla, kwa kura tano dhidi ya nne vilevile, mahakama ilikuwa imekataa pia hoja ya wazazi wa San Antonio, Texas, kwamba kutegemea kodi ya ardhi kunazifanya shule za maeneo maskini kuwa maskini daima. Hukumu hizo mbili zikiwekwa pamoja zilimwonyesha mzazi mweupe mwenye uwezo njia halali ya kukwepa: hamia upande wa pili wa mpaka, na kodi yako itahama nawe. Kwa maoni yangu hapo ndipo kesi ya Brown ilipokatwa miguu, kuliko Little Rock au Farmville, kwa sababu mpaka hauna gavana wa kulaumiwa.

Kuanzia 1991 mahakama ilirahisisha kufungwa kwa amri za zamani. Mwaka 2007, katika kesi za Seattle na Louisville, ilizuia hata wilaya zilizotaka kwa hiari yao kuchanganya watoto zisitumie rangi ya mtoto mmojammoja kumpangia shule. Majaji wa pande zote mbili walidai wao ndio warithi wa kweli wa Brown.

Ndiyo maana wadai wameelekea kwenye mahakama za majimbo, ambako Katiba ya jimbo yaweza kusema zaidi ya ile ya taifa. Katiba ya Connecticut, kwa mfano, inakataza utengano kwa kuutaja. Mwaka 1989 familia za Hartford, mmoja wao mwanafunzi wa darasa la nne aitwaye Milo Sheff, ziliishitaki serikali ya jimbo. Mwaka 1996 mahakama kuu ya jimbo iliwapa ushindi, ikasema haijalishi kama utengano ulisababishwa na sheria ya rangi au na mipaka ya wilaya iliyofuata mipaka ya miji. Jimbo ndilo lenye wajibu wa elimu, na jimbo ndilo lirekebishe. Jibu la jimbo likawa kujenga shule zenye mvuto maalumu, za sanaa, sayansi na lugha, zinazopokea watoto wa jiji na wa vitongoji kwa bahati nasibu. Nafasi hazikutosha, pande zikarudi mahakamani tena na tena, na makubaliano ya kufunga shauri yalifikiwa mwaka 2022, miaka 33 baada ya kufunguliwa.